Babu Mbele ya Nyumba Asiyoijua

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Tuongee kuhusu picha, na jinsi nilivyokaribia kumpokonya mtu shamba kwa kutumia kipanya.

Mwaka 2006 nilitoka Kitui mjini kwenda Makueni kumwona susu, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Babu alifariki wakati wa njaa ya 1984, na picha yake pekee ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho. Susu akanitolea picha yake mwenyewe, amesimama mbele ya nyumba ya mabati iliyojengwa 1995. "Mjukuu wangu, wewe unajua kompyuta. Niwekee mzee wangu hapa kando."

Kazi hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja. Katika Umoja wa Kisovieti, Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, aliuawa 1940 kisha akafutwa kwenye picha aliyopigwa pamoja na Stalin. Hapa kwetu, Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akiunganisha picha kwa mkono katika studio yake miaka mingi kabla ya Photoshop.

Photoshop yenyewe ilianza 1987. Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ya kuonyesha picha zenye vivuli vya kijivu. Mdogo wake John, aliyefanya kazi Industrial Light & Magic, akamhimiza aiendeleze, na Adobe wakaitoa 1990. Toleo la 3, mwaka 1994, lilileta matabaka: kila kipande cha picha kinakaa peke yake juu ya kingine, unakisogeza bila kuharibu cha chini. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, wakaanza GIMP, ambayo ni ya bure. Mfuko wangu ukachagua GIMP.

Basi nikaskani kitambulisho. Kilikuwa na kichwa na mabega tu, kwa hivyo mwili nikaazima kwa baba yangu. Nikasawazisha mwanga, nikachora kivuli, kisha nikageuza yote kuwa nyeusi na nyeupe ili maungio yasionekane. Susu alilia, akaitundika ukutani.

Miezi michache baadaye baba mdogo aliibeba mpaka mbele ya wazee wa ukoo. Kulikuwa na mgogoro wa mpaka na jirani, naye akasema picha inathibitisha kwamba babu aliishi upande ule. Wazee waliipitisha mkono kwa mkono wakitikisa vichwa kukubali.

Nilisimama nikaeleza. Nikawaonyesha picha ya kwanza na kitambulisho. Baba mdogo hakunisemesha mwaka mzima.

Susu hakuitoa ukutani. Aliniambia tu niandike nyuma yake, na niliandika kwa kalamu: "Imeunganishwa 2006. Mzee hakuwahi kuiona nyumba hii." Tangu siku hiyo kila picha ninayoibadilisha naandika nilichofanya, na ile ya awali naihifadhi. Nawe fanya hivyo, maana picha huishi muda mrefu kuliko maelezo ya aliyeitengeneza.