Taa ya Hanuka na Hesabu ya Mafuta

Hanuka ya mwaka 2006 ilianza jioni ya tarehe 15 Desemba, na safari hii Wayahudi wa Marekani walikuwa wameombwa jambo lisilokuwamo katika kitabu chochote cha sala: wafungue balbu za zamani majumbani na katika masinagogi, waweke za kuokoa umeme. Ombi lilitoka kwa COEJL, muungano wa mazingira wa Kiyahudi ulioundwa mwaka 1993. Balbu zenyewe ni zile za mrija mweupe uliosokotwa. Mababu zake walikuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini nyumba nyingi zilikuwa bado hazijazipokea. Balbu ya zamani ya wati 60 hupasha moto uzi mwembamba wa tungsteni mpaka ung'ae, na umeme mwingi huishia kuwa joto. Ya mrija hutoa mwanga unaokaribiana na huo kwa wati 14 au 15, tena hudumu miaka mingi zaidi. Ni rahisi kuiona kampeni ile kama siasa ya mazingira iliyovishwa kanzu ya dini. Mimi nashikilia kinyume chake. Kuhesabu mafuta ya taa ni desturi ya sheria ya Kiyahudi iliyoutangulia umeme kwa karne nyingi, na waliobadilisha balbu mwaka ule walikuwa wakitimiza wajibu wa zamani kwa chombo kipya.

Hoja inayomjia mtu upesi, hata hivyo, si hiyo. Ni ya muujiza: chupa moja ya mafuta safi, ya kutosha siku moja tu, iliyowaka siku nane Hekaluni, basi na sisi tufanye kidogo kidumu. Inapendeza masikioni, ila ina udhaifu ambao mpinzani makini hataukosa. Hanuka, ile ambayo msomaji wa Injili ya Yohana anaijua kama Sikukuu ya Kutabaruku, inakumbuka Yuda Makabayo na wenzake walipoitakasa madhabahu ya Yerusalemu mwaka 164 kabla ya Kristo, baada ya mfalme Antioko wa Nne kuinajisi. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinasimulia siku nane za shangwe na taa kuwashwa tena katika kinara, lakini hakina habari ya chupa wala muujiza. Josephus, mwanahistoria wa karne ya kwanza, anaiita sikukuu hiyo Taa, na anapokisia sababu ya jina hilo anataja uhuru uliowachomozea watu bila kutarajiwa. Chupa ya mafuta inajitokeza waziwazi katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, karne kadhaa baada ya vita. Zaidi ya hayo, muujiza haumfundishi mtu kubana matumizi. Mafuta yaliyodumu kwa uwezo wa Mungu hayakudumu kwa sababu kuna aliyepunguza utambi.

Msingi imara uko kwingine, katika kitabu kile kile cha Talmudi kiitwacho Shabbat, ambamo habari za Hanuka zimehifadhiwa. Mzizi wake ni Kumbukumbu la Torati 20:19, palipokatazwa jeshi linalouzingira mji kuikata miti ya matunda. Wanachuoni waliipanua amri hiyo ikawa katazo la kuharibu kitu chochote chenye manufaa. Mwanachuoni Maimonides, katika karne ya 12, aliorodhesha chini yake vyombo, nguo, majengo, chemchemi na chakula. Lakini kabla ya Maimonides, huko Babeli, Rav Zutra alikuwa amelileta katazo hilo mpaka kwenye taa. Alisema anayeifunika taa ya mafuta, au anayeifunua taa ya nafta, amevunja amri ya kutoharibu. Hizi ni taa mbili za mafuta mawili tofauti na kosa moja: ukiifunika ile au ukiifunua hii, mafuta huteketea upesi kuliko haja. Rav Zutra hakukataza mwanga, wala hakumwamuru mtu akae gizani. Alimtaka mwenye nyumba ajue chombo chake kinakulaje mafuta, akitumie kwa namna isiyopoteza. Sijui sheria nyingine ya kale ya dini iliyoshuka kwa undani huo mpaka kwenye kifuniko cha taa. Mapema zaidi katika kitabu hicho hicho, mwanachuoni Rava anajibu swali la maskini mwenye uwezo wa kununua taa moja tu, ama ya Hanuka ama ya nyumba. Atangulize ya nyumba, anasema, kwa ajili ya amani ya waliomo.

Umeme ulipofika, mazoea hayo yalikutana na jambo ambalo Rav Zutra hakulijua. Kuwasha au kuzima moto siku ya Sabato ni marufuku, na marabi wengi wa karne ya 20 waliuhesabu uzi wa balbu unaong'aa kuwa moto hasa. Inasimuliwa kwamba Chaim Ozer Grodzinski, rabi mashuhuri wa Vilna aliyefariki mwaka 1940, alitumia balbu katika baraka ya kuiaga Sabato, inayosomwa mbele ya moto, ili watu wasiwe na shaka juu ya hukumu hiyo. Basi katika nyumba inayoshika sheria, taa ambayo haikufungiwa saa ya kuizima yenyewe huwashwa Ijumaa kabla ya jua kuzama, ikawaka usiku kucha na mchana kutwa mpaka nyota za Jumamosi, kama saa 25 mfululizo. Hapo balbu ya wati 60 hula uniti moja na nusu kila Sabato, yaani uniti 78 kwa mwaka. Ya wati 15 hula chini ya 20. Na hiyo ni balbu moja ya ukumbi. Ukipigia hesabu jikoni, msalani na sinagogi, utaona ni kwa nini ombi la 2006 liliwahusu watu hawa kuliko lilivyomhusu jirani anayeweza kubonyeza swichi akitoka chumbani.

Yapo mapingamizi ya kujibiwa. La kwanza linatoka ndani ya sikukuu yenyewe: shule ya mwanachuoni Hillel iliamua taa ziongezeke kila usiku, moja mpaka nane, kinyume cha shule ya Shamai iliyotaka zipungue, na Wayahudi wakamfuata Hillel. Je, sikukuu ya kuongeza mwanga yaweza kuwa ya kupunguza umeme? Yaweza, kwa kuwa sheria inaitenganisha taa ya Hanuka na taa ya nyumba. Mwanga wa Hanuka haupaswi kutumiwa kwa kazi yoyote. Upo utazamwe tu, ndiyo maana taa ya ziada huwekwa kando yake. Kinachohesabiwa ni taa ya kazi, ya kusomea na ya kupikia. Pingamizi la pili ni zito zaidi: balbu moja ni nini mbele ya mitambo ya makaa ya mawe, na kwa nini isiwe kazi ya sheria ya nchi? Sheria ilikuja, na upesi; Marekani iliipitisha Desemba 2007. Lakini marufuku ya kuuza balbu nyingi za zamani haikuanza kusimamiwa kikamilifu hadi Agosti 2023. Kwa zaidi ya miaka 15 hiyo, uamuzi ulibaki mikononi mwa mwenye nyumba aliyesimama juu ya ngazi, na hapo ndipo desturi ina nguvu ambayo bunge halina.

Pingamizi la tatu lina ukweli ndani yake. Balbu za mrija zina zebaki, miligramu chache kila moja, na ikivunjika au ikitupwa jalalani sumu hiyo hutoka. Mwaka 2006 karibu nusu ya umeme wa Marekani ulitokana na makaa ya mawe, ambayo nayo yakichomwa hutoa zebaki hewani, kwa hiyo umeme uliookolewa ulipunguza sumu upande mmoja hata kama balbu ziliiongeza upande mwingine. Jibu hilo lilitosha kwa wakati wake. Balbu za LED zisizo na zebaki ziliposhuka bei halikutosha tena, na mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata ziliamua kuziondoa balbu nyingi za mrija kufikia 2025, kufuatia pendekezo la nchi za Afrika. Balbu ya 2006, basi, imepitwa. Kanuni iliyoihalalisha haikupitwa, kwa sababu Rav Zutra hakuitaja taa moja iliyo bora. Alizitaja mbili, kila moja na namna yake ya kupoteza mafuta. Msomaji atakayetaka kuipima hoja hii aiweke kando kwanza chupa ya Hekaluni, afungue kitabu cha Shabbat, karatasi ya 67, upande wa pili.