Shirase Nobu: luteni aliyeifuata barafu kwa deni

Tarehe 16 Januari 1912 meli ndogo ya Kijapani iliingia Ghuba ya Nyangumi, ukingoni mwa Antaktika, ikakuta nyingine imetangulia. Ilikuwa Fram ya Wanorwe, ikimngoja Roald Amundsen arudi kutoka Ncha ya Kusini. Siku iliyofuata, mbali ndani ya bara hilo, Mwingereza Robert Scott alifika nchani na kukuta Amundsen amekwisha kumpiku. Habari za hao wawili zimesimuliwa kila pembe ya dunia. Za meli ya tatu, Kainan Maru, hazisikiki sana nje ya Japani, nami naona ni dhuluma, kwa sababu mkuu wa msafara wake alikwenda karibu mikono mitupu, kisha akailipia safari hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Shirase Nobu alizaliwa mwaka 1861 huko Konoura, pwani ya Akita, kaskazini mwa Japani, mtoto wa kasisi wa hekalu la Kibudha. Mwalimu wake wa utotoni alimsimulia habari za mabaharia wa nchi za barafu. Mtoto alipotangaza kwamba naye atakuwa mmoja wao, mwalimu akampa masharti matano: asiguse pombe, asivute tumbaku, asinywe chai, asinywe maji ya moto, wala asiote moto hata baridi iwe kali namna gani. Akita ni nchi ya theluji nzito. Husimuliwa kwamba aliyashika masharti hayo mpaka uzeeni.

Akaingia jeshini na kupanda hadi cheo cha luteni. Mwaka 1893 alijiunga na msafara wa visiwa vya Kuril, ambako baridi na kiseyeye viliwamaliza wenzake kadhaa. Yeye alinusurika, na badala ya kukoma akaanza kupanga safari ya Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1909 zikaja habari kwamba Mmarekani Robert Peary amefika huko. Shirase akageuza uso, akaelekea kusini.

Tatizo lilikuwa fedha. Mwaka 1910 Bunge lilikubali ombi lake, lakini serikali haikutoa fedha. Aliyemwokoa ni Okuma Shigenobu, waziri mkuu wa zamani na mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Waseda, aliyeongoza kamati ya kuchangisha. Michango ya wananchi ikanunua meli ya tani 204, chombo cha mbao chenye injini ya nguvu-farasi 18. Ya Fram ilikuwa na 180. Kwa meli hiyo watu 27 waling'oa nanga Tokyo mwishoni mwa Novemba 1910.

Walichelewa. Machi 1911 bahari ilikuwa imeanza kuganda, na mbwa wa kukokota sleji walikuwa wamekufa karibu wote. Ikabidi wageuze kwenda Sydney. Wakapiga kambi Parsley Bay, katika bustani ya tajiri mmoja aliyewakubalia, huku baadhi ya wenyeji wakinong'ona kwamba ni majasusi. Profesa Edgeworth David, mwanajiolojia aliyewahi kwenda Antaktika na Shackleton, ndiye aliyewakingia kifua mbele ya watu. Siku ya kuagana Shirase alimpa upanga wake wa kisamurai, na leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho jijini humo.

Safari ya pili ndiyo iliyowafikisha. Tarehe 20 Januari 1912 watu watano walianza kukata uwanda wa barafu wa Ross kwa sleji mbili zilizokokotwa na mbwa wapya. Sasa lengo halikuwa tena kufika nchani. Walitaka kwenda mbali kadiri chakula kitakavyoruhusu. Wawili kati yao, Yamabe Yasunosuke na Hanamori Shinkichi, walikuwa Waainu kutoka Sakhalin, mabingwa wa kuendesha mbwa, na bila wao hakuna ambaye angesogea. Tarehe 28 walifika nyuzi 80 na dakika 5 kusini. Wakasimika bendera, wakafukia kasha la shaba lenye majina ya waliochangia safari, kisha wakarudi kambini mbio kwa siku tatu. Kundi jingine lilishuka katika Nchi ya Mfalme Edward VII, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutua kutokea baharini.

Jambo la uchungu lilitokea wakati wa kuondoka. Hali ya bahari ilichafuka, na mbwa wapatao 20 wakaachwa juu ya barafu. Yamabe na Hanamori, waliowalea, waliumia sana.

Juni 1912 walipokewa Japani kwa shangwe, na hakuna aliyekuwa amepoteza maisha. Mwezi uliofuata Mfalme Meiji alifariki, nchi ikaingia kwenye msiba, na msafara ukasahaulika. Lililobaki ni deni la yeni 40,000. Shirase aliuza nyumba yake, akazunguka na filamu ya safari akitoa mihadhara mji kwa mji, mwaka baada ya mwaka, hadi miaka ya 1930. Alifariki Septemba 1946 akiwa fukara, katika chumba cha kupanga juu ya duka la samaki mkoani Aichi.

Heshima ilikuja baada yake. Japani ilipojenga kituo cha utafiti cha Syowa mwaka 1957, ilikuwa na historia ya kuonyesha kule kusini, na historia hiyo ni ya Shirase. Barafu kubwa inayoteremka baharini kusini mwa kituo hicho, mojawapo ya zinazotembea kwa kasi zaidi Antaktika, imepewa jina lake. Mwaka 1990 Konoura ilifungua jumba la kumbukumbu yake. Meli mbili za kuvunja barafu, ya mwaka 1982 na ya 2009, zimeitwa Shirase, na hii ya pili ndiyo inayowapelekea watafiti wa Syowa chakula na mafuta, kwa fedha za serikali.