Silaha 2,000 zilizoteketezwa kwenye karatasi: Jinsi ghala la polisi linavyotunziwa kumbukumbu

Na Mwandishi Wetu

JUNI 2016, mahakama mjini Cape Town, Afrika Kusini, ilimhukumu kifungo cha miaka 18 jela aliyekuwa Kanali wa polisi, Christiaan Prinsloo, baada ya kukiri kuuza silaha zipatazo 2,000 zilizokuwa chini ya ulinzi wa jeshi hilo.

Silaha hizo hazikuporwa wala mlango wa ghala haukuvunjwa. Zilikuwa zimesalimishwa na wananchi au kukamatwa, na zilipaswa kuteketezwa. Vitabuni zilionekana zimekwisha kuteketezwa, ilhali kwa hakika zilikuwa mikononi mwa magenge ya vitongoji vya Cape Flats. Uchunguzi wa maganda ya risasi ulizihusisha na mauaji zaidi ya 1,000.

Kesi hiyo inaeleza, kuliko kanuni yoyote, kwa nini kazi inayodharauliwa ya kuandika leja ni sehemu ya ulinzi wa raia.

Kimsingi ghala la polisi hutunzwa kama bohari nyingine yoyote ya Serikali. Kinachoingia huandikwa kwa hati ya mapokezi, kinachotoka kwa hati ya kutolea vifaa, na leja huonyesha salio baada ya kila tendo. Penye rafu hutundikwa kadi inayoonyesha idadi ya vilivyopo. Kadi hiyo huandikwa na mtunza ghala, na leja huandikwa na mtu mwingine. Hapo ndipo ilipo siri ya mfumo mzima: anayeshika ufunguo asiwe ndiye anayeshika kalamu ya leja, kwani wizi utahitaji watu wawili kukubaliana.

Kosa la uandishi halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, usahihi ukaandikwa juu yake na mhusika akatia saini, ili mkaguzi aweze kusoma kilichoandikwa kwanza. Ukurasa uliochanwa ni hoja ya ukaguzi hata kama hakuna kilichopotea.

Sare, viatu, pingu, virungu, redio za mawasiliano na matairi huhesabiwa kwa namna hiyo bila ugumu mkubwa. Baadhi ya vifaa, hata hivyo, havitoshi kuhesabiwa idadi tu. Mabomu ya machozi yana tarehe ya mwisho ya matumizi, na fulana za kuzuia risasi kwa kawaida hupewa dhamana ya miaka 5 na watengenezaji. Leja inayosema zipo fulana 40 bila kutaja mwaka wa kutengenezwa inamficha mkuu wa kituo jambo analolihitaji zaidi.

Silaha za moto zina daftari lake. Humo kila bunduki ni kitu cha pekee: aina, mtengenezaji, kipenyo cha risasi na namba. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa viwanda viwili vinaweza kutoa namba inayofanana. Askari anapoingia zamu huandikiwa tarehe, saa, silaha aliyokabidhiwa na idadi ya risasi, kisha yeye na mtoaji husaini. Akitoka zamu hesabu hurudiwa. Ikipungua risasi moja, pengo hilo lielezwe kabla ya zamu nyingine kuanza, kwa kuwa kesho yake hakuna atakayekumbuka.

Risasi ndizo zinazosumbua. Hazina namba ya mojamoja. Hutambulika kwa toleo la kiwandani lililoandikwa kwenye kasha. Ndiyo maana katika mazoezi ya shabaha maganda hukusanywa na kuhesabiwa. Mwongozo wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa kuhusu risasi na milipuko, uliotolewa mwaka 2011, unasisitiza kumbukumbu hizo za matoleo, si kwa ajili ya wizi pekee bali pia kwa usalama wa ghala lenyewe, maana shehena iliyozeeka inaweza kulipuka.

Kwa nchi zetu hili si suala la hiari. Itifaki ya Nairobi, iliyosainiwa Aprili 21, 2004 na nchi 11 zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, inazitaka kuwa na orodha kamili ya silaha ndogo zinazomilikiwa na vyombo vya dola na kuzitia alama. Mwaka 2005 kilianzishwa kituo cha kusimamia utekelezaji wake, RECSA, chenye makao yake Nairobi. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha utaratibu wa kufuatilia asili ya silaha, unaotaka kumbukumbu za utengenezaji zitunzwe kwa miaka isiyopungua 30.

Umuhimu wa namba ulidhihirika nchini mwaka 2015, vituo vya polisi vya Ikwiriri mkoani Pwani na Stakishari jijini Dar es Salaam vilipovamiwa, askari wakauawa na silaha kuporwa. Silaha inapopatikana porini baada ya tukio la aina hiyo, daftari la kituo ndilo linaloonyesha ilikotoka.

Kompyuta imerahisisha utafutaji wa namba, lakini haiingii ghalani kuhesabu. Ukaguzi wa kushtukiza bado hufanywa kwa mkono, na mkaguzi mzuri huanza rafuni kwenda kitabuni, kisha hurudi kutoka kitabuni kwenda rafuni. Njia ya kwanza hufichua kilichopo bila kuandikwa. Ya pili, kilichoandikwa ambacho hakipo.

Hata hivyo, njia zote mbili zingempita Prinsloo, kwani silaha zake zilikuwa zimeondolewa vitabuni kwa sababu inayokubalika. Kinachozuia hila hiyo ni mashahidi: namba zisomwe moja moja mbele ya watu kutoka ofisi tofauti, na orodha isainiwe papo hapo silaha zikiingia motoni. Novemba 2016, miezi mitano baada ya hukumu ya Cape Town, Kenya ilichoma silaha 5,250 huko Ngong mbele ya viongozi na wanahabari.