Mbuga ya Wembere

Mbuga ya Wembere ni tambarare pana ya nyasi nchini Tanzania, magharibi mwa nyanda za juu za Iramba, ambako mkoa wa Singida unapakana na Tabora. Hapa neno "mbuga" halimaanishi hifadhi ya wanyama, bali ardhi tambarare yenye udongo mweusi wa mfinyanzi.

Jiografia

Wembere ni sehemu ya tawi la Bonde la Ufa linaloendelea hadi Ziwa Eyasi. Mto Wembere huelekea kaskazini na kuingia Ziwa Kitangiri, lenye kina kifupi. Kutoka hapo mto Sibiti hupeleka maji Ziwa Eyasi, ambalo lina chumvi kwa sababu halina mto unaotoka.

Wakati wa mvua udongo huvimba na kunata, na sehemu kubwa hufunikwa na maji. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa.

Kuifikia

Barabara kuu ya Singida–Nzega huteremka kutoka nyanda za juu kwenye mlima Sekenke hadi Shelui, kisha huvuka mbuga kuelekea Igunga. Anayetoka Singida mjini asubuhi anaweza kuiona na kurudi jioni. Kutoka juu ya mteremko tambarare huonekana hadi mbali. Kona ni kali, hivyo malori hushuka kwa gia ndogo. Njia za vumbi ndani ya mbuga hupitika vizuri zaidi wakati wa kiangazi.

Historia

Wakati wa utawala wa Ujerumani dhahabu ilichimbwa Sekenke. Mwaka 1916, wakati wa vita, dhahabu ya huko ilitumika Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Wajerumani walifikiria pia kuleta maji ya Ziwa Viktoria ili kumwagilia pamba Wembere, lakini mpango huo haukutekelezwa.

Matumizi na mazingira

Wanyiramba, Wasukuma na wengine hulima mpunga na kulisha ng'ombe. Yangeyange, korongo na ndege wengine wa majini huzaliana humo kwa makundi makubwa. Wote hutegemea mafuriko yale yale: mashamba yakizidi kuingia kwenye sehemu zenye maji, mifugo hupungukiwa malisho ya kiangazi na ndege hupoteza mahali pa kutagia.