Mgeni Aliyemwua Mwenyeji

Katika milima ya kaskazini ya Uskoti, penye theluji na upepo mkali, watu walikaa kwa koo, kila ukoo na mkuu wake. Walikuwa wagumu, wafuga ng'ombe, wakiibiana na kupigana. Lakini mgeni kwao alikuwa mtu wa heshima.

Mfalme William aliamuru wakuu wote waape kumtii kabla ya tarehe 1 Januari 1692. MacIain, mkuu wa Wamacdonald wa bonde la Glencoe, alikwenda siku za mwisho, akaambiwa aende mji mwingine. Akapita katika theluji, akaapa tarehe 6. Serikali ikakikataa kiapo chake.

Basi askari wakapelekwa Glencoe, wakakaribishwa, wakala na kulala nyumbani mwa watu yapata siku 12. Alfajiri ya tarehe 13 Februari wakawainukia wenyeji wao, wakaua watu 38 hivi, naye mzee MacIain miongoni mwao. Wengine walikimbilia milimani, wakafa kwa baridi.

Vita koo zile walivizoea. Wasilolisahau ni chumvi iliyoliwa. Sisi twamwonya mwenyeji asimfukuze mgeni. Tumwonye na mgeni pia.