Ni Nani Aliyeona?

Somo: Kumbukumbu la Torati 19:15-20



Mtu akiugua ghafula kijijini, mara nyingi swali la kwanza ni hili: Amerogwa na nani? Mwaka wa 1931, katika wilaya ya Machakos, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Makueni, mke wa mtu aitwaye Kumwaka aliugua. Mwanamke mmoja, Mwaiki, alishukiwa kuwa muoi, yaani mchawi. Wanaume wakampiga kwa fimbo hata akafa. Watu 60 walihukumiwa kunyongwa. Baadaye Gavana akawapunguzia adhabu.

Mwanahistoria Katherine Luongo alizichunguza kumbukumbu za kesi hiyo, na mwaka wa 2011 akatoa kitabu. Hakuanza kwa kuwacheka watu, wala hakuyameza yote waliyosema. Aliuliza: Waliamini nini? Waliogopa nini? Mahakama ilifanya nini na hofu yao?

Wenye kuandika historia ya sayansi nao huuliza hivyo. Johannes Kepler wa Ujerumani ndiye aliyegundua kwamba njia ya sayari kuzunguka jua si duara kamili. Lakini pia alitabiri mambo kwa nyota, na wanahistoria hawalifichi hilo. Mwaka wa 1615 mama yake, Katharina, alisingiziwa uchawi. Jirani alidai kwamba kinywaji alichompa kilimtia ugonjwa. Katika kumtetea, Kepler hakubishana kama wachawi wapo au hawapo. Alichukua mashtaka moja moja, akauliza: Ni nani aliyeona? Je, ugonjwa huu hauna chanzo kingine? Mwaka wa 1621 mama huyo akafunguliwa, baada ya kukaa kifungoni zaidi ya mwaka.

Ndugu zangu, Katharina alipata mtu wa kuuliza. Mwaiki hakupata.

Wengine husema kwamba kuuliza ni kukosa imani. Sivyo. Yule kipofu wa Yohana 9 aliulizwa, na wazazi wake wakaulizwa, wala muujiza wake haukupungua. Naye Musa aliwaagiza waamuzi wachunguze sana, na shahidi mmoja asitoshe.

Basi, bibi mzee wa kijiji chenu akinyoshewa kidole, usingoje fimbo ziinuliwe. Nenda ukasimame karibu naye, uulize: Ni nani aliyeona?

Bwana atupe ujasiri huo. Amina.