ONESIMO, ONESMO, ONESIMUS: JINA LA MTUMWA KATIKA KITABU CHA UBATIZO

Historia ya Kanisa haimo katika majengo na kengele peke yake. Imo pia katika majina yaliyoandikwa kwa mkono kwenye vitabu vya ubatizo. Kati ya kina Yohana, Petro na Maria, ambao kila ukoo unao, mara mojamoja hutokea Onesimo. Mtoto huyo huyo akifika shuleni huweza kuandikwa Onesmo. Na nchini Kenya wako wengi wanaojiandika Onesmus. Tofauti hizo si jambo dogo. Cheti cha ubatizo kisipolingana na cheti cha shule, mwenye jina hulazimika kula kiapo kwamba yeye ni mtu mmoja.

Asili ya jina ni Kigiriki, Onesimos, maana yake "mwenye kufaa". Katika dola ya Kirumi mabwana waliwapa watumwa wao jina hili, wakiwahesabu kwa faida yao kama chombo cha kazi. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Filemoni waraka mfupi kwa ajili ya mtumwa aliyeitwa hivyo. Humo Mtume aligeuza maana ya jina: aliyekuwa hafai sasa anafaa, tena apokelewe si kama mtumwa, bali kama ndugu mpendwa.

Walatini waliandika Onesimus, na namna hiyo ikaenea Ulaya kwa Wajerumani na Waingereza. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iitwayo Union Version, iliandika Onesimo, kwa kuwa maneno ya Kiswahili humalizikia kwa irabu. Mkazo wa Kigiriki uko kwenye silabi "ne", lakini wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani "si". Anayeubakiza mkazo kwenye "ne" huisikia irabu "i" ikififia kinywani, na hapo huzaliwa Onesmo. Hivyo Onesmo si lazima liwe kosa la karani; huenda aliandika kwa uaminifu kile alichokisikia.

Walutheri wa Afrika Mashariki wanayo sababu ya pekee ya kulikumbuka jina hili. Katika nchi ya Waoromo, magharibi mwa Ethiopia, alizaliwa mtoto aliyeitwa Hika, jina la asili moja na neno la Kioromo lenye maana ya kufungua na kufasiri. Mwaka 1869 alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akauzwa mara nyingi, hata alipowekwa huru Massawa, katika Eritrea ya leo. Wamisionari wa Kiswidi walimfundisha katika kituo cha Imkullu, na siku ya Pasaka mwaka 1872 akabatizwa kwa jina la Onesimos. Ndiye Onesimos Nesib.

Baada ya masomo huko Uswidi, alijitoa kuifasiri Biblia kwa Kioromo, akisaidiwa na Aster Ganno, binti aliyekuwa naye ametoka utumwani. Agano Jipya lilichapwa mwaka 1893, na Biblia nzima mwaka 1899, kwa herufi za Kiethiopia. Siku alipoufikia Waraka kwa Filemoni, aliyekuwa mtumwa aliandika jina lake mwenyewe katika lugha ya mama yake. Mwaka 1904 alirudi Wollega, akafundisha na kuhubiri hadi alipofariki mwaka 1931. Leo Waoromo wanaotumia herufi za Kilatini humwandika Onesimoos. Jina la kuzaliwa nalo halikupotea, kwa maana Hika amekuwa mfasiri kweli.

Basi mwandishi wa kitabu cha ubatizo na amwulize mzazi jinsi anavyoliandika jina la mwanawe, alisome tena kwa sauti, na alinakili vivyo hivyo katika cheti cha kipaimara. Herufi moja yaweza kumsumbua mtu maisha yake yote. Hata hivyo, aandikwe Onesimo, Onesmo au Onesimus, mbele za Bwana amwitaye kila mmoja kwa jina lake hahitaji kula kiapo.